Kidonge si sukari: yanayoipata dawa kati ya Malaba, Mbale na Jinja

Mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Malaba na mzigo wake ana njia mbili mbele yake. Akikata kaskazini pale Tororo, anafika Mbale, chini ya Mlima Elgon. Akinyoosha magharibi, anapita Bugiri na Iganga mpaka Jinja, penye daraja la Nile. Mzigo wenyewe unajulikana: nguo, sabuni, vyombo vya plastiki, viatu, vipodozi. Lakini mara nyingi, katikati ya vitu hivyo, kuna mfuko mdogo ambao hautajwi kwa sauti. Ndani yake mna dawa za malaria, antibiotiki, dawa za maumivu na dawa za kikohozi za watoto, zilizoagizwa na jirani au mwenye duka kwa sababu ng'ambo bei ilikuwa nafuu.

Mwenye mfuko huo huona kwamba amebeba bidhaa kama bidhaa nyingine, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Sukari ikilowa, inaonekana. Unga ukiota ukungu, pua inajua. Nyanya zikiharibika, mnunuzi anazikataa. Dawa inaweza kuharibika ikabaki na rangi yake, umbo lake na maandishi yake, na anayegundua ni mgonjwa ambaye hakupona.

Wanafunzi wa famasi huanza na masomo mawili ambayo wengi huyaona magumu: kemia ya dawa na elimu ya vijidudu. La kwanza linaeleza kinachotokea ndani ya kidonge. La pili linaeleza kinachotokea ndani ya mwili wa mgonjwa kidonge kikifika, au kisipofika kikiwa na nguvu zake. Anayevuka mpaka hahitaji kufanya mtihani wa masomo hayo. Anahitaji tu kuyajua yale machache yanayomgusa yeye, mzigo wake na watu wa nyumbani kwake.

Joto hufanya kazi kimya

Kidonge kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kiambato hai, yaani kemikali inayotibu. Ya pili ni vijazo kama wanga na rangi, ambavyo hukipa umbo na kukifanya kisimomonyoke. Kiambato hai kinaweza kupungua nguvu huku vijazo vikibaki kama vilivyokuwa. Ndiyo maana kukitazama kidonge hakutoshi kujua kama bado ni dawa.

Adui wa kwanza wa kiambato hai ni joto. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria: joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuharibika huongezeka mara 2 au hata mara 3. Chukua dawa iliyopimwa kudumu miaka 2 kwenye nyuzi 30. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani, joto linaweza kufika nyuzi 50. Hizo ni nyuzi 20 za ziada, kwa hiyo kasi ya kuharibika inakuwa mara 4 au zaidi. Miaka 2 inageuka miezi 6, na ikiwa dawa ni ya zile nyepesi kuharibika, haifiki hata miezi 3. Kwa hesabu hiyo hiyo, wiki moja ndani ya gari la moto ni sawa na mwezi mzima au zaidi kwenye rafu.

Jinja na Mbale si miji ya joto kali. Yote miwili iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na duka lenye dari na madirisha linaweza kukaa chini ya nyuzi 30 bila taabu. Hatari iko kwingine: kwenye buti la gari linalosubiri foleni mpakani, kwenye kibanda cha mabati kisicho na dari, au juu ya basi, chini ya turubai jeusi.

Hapa inafaa kuielewa tarehe ya mwisho iliyochapwa kwenye pakiti. Tarehe hiyo ni ahadi yenye masharti. Mtengenezaji anasema kwamba dawa itabaki na nguvu zake mpaka siku hiyo ikiwa imehifadhiwa kama pakiti inavyoelekeza, kwa mfano chini ya nyuzi 30, mahali pakavu, mbali na mwanga. Masharti yakivunjwa, ahadi imevunjika pia, hata kama tarehe bado iko mbali.

Mfano mzito ni oksitosini, sindano inayozuia mama aliyejifungua asitokwe na damu nyingi. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikizoea joto inapoteza nguvu, lakini maji yaliyomo kwenye chupa hubaki meupe na safi vile vile. Mkunga anachoma sindano, damu haikatiki, na hakuna anayejua kwamba dawa ilikufa siku nyingi njiani. Dawa ya namna hiyo haina nafasi kabisa kwenye mfuko wa bidhaa mchanganyiko.

Maji, mwanga na harufu ya siki

Adui wa pili ni maji, hata yale machache yaliyomo hewani. Mfano rahisi ni aspirini. Unyevu ukiingia kwenye kopo, aspirini huvunjika na kutoa asidi mbili, na moja kati ya hizo ndiyo inayoipa siki harufu yake. Kopo la aspirini likifunguliwa likanuka siki, dawa imeanza kuharibika. Hii ni moja ya dawa chache zinazomwonya mwenyewe.

Penisilini na ndugu zake, ikiwemo amoksilini, hazinuki namna hiyo. Nguvu zao ziko kwenye kipande kidogo cha kemikali chenye umbo la pembe nne. Kipande hicho kimekazwa kama mtego uliotegwa, na maji huufyatua kabla haujamkuta bakteria. Ndiyo sababu amoksilini ya watoto huuzwa ikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Maji yakishatiwa, siku zake zinahesabika, mara nyingi 7 tu, na lebo ndiyo inayosema. Chupa iliyobaki nusu tangu mwezi uliopita haipaswi kutikiswa na kupewa mtoto mwingine. Vile vile, anayenunua chupa iliyokwisha kuchanganywa ili aipeleke mbali amenunua kitu kisichoweza kusubiri safari.

Kwa sababu hizo, pakiti nayo ni sehemu ya dawa. Karatasi ya alumini huzuia unyevu na mwanga. Chupa ya rangi ya kahawia huchuja mwanga. Kile kifuko kidogo ndani ya kopo hunyonya unyevu, na hakiliwi wala hakitupwi. Mtu anayekwangua vidonge kutoka kwenye pakiti zake na kuvimwaga katika mfuko wa plastiki ili mzigo uwe mdogo amefanya mambo mawili kwa mara moja. Ameondoa kinga ya dawa, na amefuta jina lake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Kuanzia hapo hakuna mfamasia anayeweza kumwambia ana nini mkononi.

Kuna pia dawa ambazo zikiharibika hugeuka sumu. Miaka ya 1960 madaktari walieleza habari za wagonjwa walioumwa figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyochakaa. Dawa iliyopitwa na wakati, kwa hiyo, si lazima iwe dhaifu tu.

Vijidudu havisubiri kupigiwa muhuri

Upande wa pili wa hadithi ni vijidudu. Jinja kuna chuo cha kufundisha mafundi wa maabara za hospitali, na Mbale kuna kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, jirani na hospitali ya rufaa ya mkoa. Katika masomo ya aina hiyo, jambo la kwanza mwanafunzi analoambiwa ni kwamba neno "vijidudu" limebeba viumbe tofauti kabisa. Bakteria ni kiumbe hai kinachojitegemea, na antibiotiki hupiga sehemu za mwili wake, kwa mfano ukuta wake. Virusi havina ukuta huo, kwa hiyo antibiotiki haina pa kuvipiga. Kimelea cha malaria ni aina nyingine tena, chenye dawa zake. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, na mtu anayemeza amoksilini kwa sababu ya mafua amelipia dawa isiyomhusu.

Jambo la pili ni kasi. Bakteria wengi wakipata joto na chakula hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria mmoja wa saa 12 asubuhi, ikiwa hakuna kinachomzuia, atakuwa na kizazi cha zaidi ya milioni 2 ifikapo saa 7 mchana. Katika umati huo, wachache huzaliwa na hitilafu ndogo. Hitilafu nyingi hazina maana, lakini moja inaweza kumpa bakteria uwezo wa kuivumilia dawa.

Dawa kamili, yenye nguvu zake zote, huwamaliza wengi na kuwapunguza hao wachache kiasi kwamba kinga ya mwili inawamudu. Dawa iliyopungua nguvu, au dozi iliyokatizwa, huwaua walio dhaifu na kuwaachia uwanja wenye uvumilivu. Wao ndio wanaozaana sasa. Zaidi ya hapo, bakteria huweza kupeana vipande vya maelekezo ya kujikinga, hata kwa bakteria wa jamii nyingine. Baadhi ya maelekezo hayo hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja ile pembe nne ya penisilini kabla haijafanya kazi. Huo ndio usugu wa dawa. Anayekuwa sugu ni kijidudu, wala si mwili wa mtu, na kijidudu hicho hupita kwa mikono, maji, chakula na pumzi kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumeza dawa yoyote.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliliona jambo hili mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa onyo kwa mfano wa mtu anayejinunulia penisilini kwa ajili ya koo, akameza kidogo kuliko inavyotakiwa, akawafundisha vijidudu kuizoea dawa, kisha akamwambukiza mkewe vijidudu ambavyo dawa haiviwezi tena. Mke akafa. Mfano ule ulitolewa kabla duka la dawa halijafunguliwa katika kila kituo cha basi cha Afrika Mashariki. Katika hesabu za dunia zilizochapishwa mwaka 2022, usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 katika mwaka 2019 pekee.

Malaria imekwisha kutoa somo

Wafanyabiashara wenye umri wanaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Ilikuwa dawa ya bei ndogo na ilipatikana kila mahali. Vimelea vikaizoea. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na mwaka 2006 ikaanza kutumia dawa mseto, maarufu kama ALu. Uganda na Kenya nazo zilihamia kwenye dawa mseto.

Ni vizuri kujua kwa nini inaitwa mseto. Kiambato cha kwanza, artemeta, ni mpigaji wa haraka. Huua vimelea vingi kwa muda mfupi na kuondoka mwilini mapema. Cha pili, lumefantrini, kina mwendo wa taratibu lakini hukaa siku kadhaa na kufagia waliobaki. Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24: vidonge 4 kwa mara moja, mara 6, katika siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili lumefantrini ifyonzwe vizuri. Siku ya pili homa huwa imeshuka na safari inaita. Hapo wengi huweka vidonge 8 vilivyobaki mfukoni, vije kumfaa mtoto au rafiki. Wamempokea mpigaji wa haraka na kumzuia mfagiaji asimalize kazi.

Uganda ina sababu ya pekee ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kutoka kaskazini mwa nchi wa vimelea vinavyochelewa kuondoka mwilini hata baada ya dawa za jamii ya artemisinini, na utafiti mwingine wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba dalili za usugu huo zimeenea katika maeneo kadhaa ya Uganda. Dawa mseto bado inatibu. Lakini ikishindwa, haitashindwa upande mmoja wa mpaka. Mbu na wasafiri wa Tororo na wa Busia ni wale wale.

Kidonge kisicho kile kilichoandikwa

Kuna dawa iliyoharibika, na kuna dawa ambayo haikuwa dawa tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 ya tiba kati ya 10 ama ni hafifu ama ni bandia.

Ng'ambo ya mpaka wa magharibi wa Uganda, katika mkoa wa Ituri nchini Congo, kuanzia Desemba 2014 hadi Agosti 2015 zaidi ya watu 1,000 walifikishwa vituo vya afya wakiwa wamekakamaa misuli ya uso, shingo na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamemeza vidonge vidogo vya manjano vilivyouzwa kama diazepamu. Ndani yake hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, kwa kiasi kikubwa. Baadhi ya wagonjwa walikufa. Jicho la muuzaji lisingeweza kutofautisha vidonge hivyo, na ulimi wa mnunuzi pia usingeweza. Iliyotofautisha ni maabara.

Ndiyo sababu sheria inaitenga dawa na bidhaa nyingine. Uganda ilitunga sheria ya sera na mamlaka ya dawa mwaka 1993, nayo ikaunda Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Kenya ina Bodi ya Famasi na Sumu. Tanzania ina TMDA. Tangu 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mpango wa kuoanisha usajili wa dawa ili nchi wanachama zitumie vipimo vinavyofanana. Kuoanisha huko hakumpi mtu binafsi ruhusa ya kuvusha dawa za kuuza. Cheti rahisi cha asili, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa ajili ya ushuru. Hakichukui nafasi ya kibali cha dawa. Anayevusha dawa za biashara bila leseni anaweza kupoteza mzigo wote, na si ule mfuko mdogo peke yake. Vivyo hivyo, dawa zenye alama ya Serikali ya Uganda inayosema si za kuuzwa ni mali ya wagonjwa wa hospitali za umma, na kukutwa nazo sokoni ni kosa.

Mambo ya kufanya

Kwa msafiri anayebeba dawa zake mwenyewe, utaratibu si mgumu. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye buti au juu ya gari. Zisiachwe kwenye gari lililofungwa wakati wa chakula cha mchana.

Mwenye kisukari anaweza kupata nafuu kutoka Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu zake kwa wiki 4 katika joto la nyuzi 25 hadi 37, kama la nyumba za kambi ile. Mtungi wa udongo wenye maji, ambao bibi zetu wote wanaujua, husaidia kupunguza joto la mchana. La kuepuka ni barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena.

Dukani, iwe Mbale au Jinja, mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali machache. Je, duka lina leseni ya mwaka huu ukutani? Pakiti ina jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho? Vidonge vimeshikana, vimebadilika rangi au vinamomonyoka? Dozi yote ni vidonge vingapi? Anayetaka kuuziwa vidonge 4 vya antibiotiki kwa sababu pesa imepungua afadhali arudi kwa mhudumu wa afya na kuuliza kama kuna dawa ya bei nafuu zaidi inayoweza kununuliwa kamili.

Homa isiyoshuka baada ya dozi kamili ni sababu ya kwenda hospitali, wala si ya kujaribu dawa kali zaidi. Maabara inaweza kuotesha bakteria wa mgonjwa kwenye sahani, kisha kuweka juu yake vijikaratasi vyenye dawa tofauti. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka, kwa sababu bakteria wa hapo wameshindwa kuota. Ile isiyofanya kazi huzungukwa nao mpaka ukingoni. Majibu huchukua siku 2 au 3. Mwenye biashara huziona siku hizo kuwa nyingi, lakini ni chache kuliko wiki mbili za kulala nyumbani akibadilisha dawa.

Na anayeshuku kwamba ameuziwa dawa bandia asiitupe wala asimrudishie muuzaji kimya kimya. Aihifadhi na pakiti yake na kuipeleka NDA, ambayo ina ofisi Jinja na Tororo, au kwa mfamasia wa hospitali iliyo karibu. Namba ya toleo iliyo kwenye pakiti hiyo moja inaweza kutosha kuondoa sokoni sanduku zima kabla halijafika kwa mtoto wa mtu mwingine.